Mkate Ndani ya Bahari

Tulimzika Anko Barasa Jumamosi iliyopita, kwao Tongaren, na mkate wa waombolezaji ulikuwa umepangwa ndani ya tangi lake la samaki. Sifanyi mzaha. Mimi ndiye mtu wa mizaha katika ukoo huu, na hata mimi nisingethubutu. Wamama wa jikoni walikuta sanduku kubwa la vioo limekaa bure chini ya ghala la mahindi, wakalisugua kwa sabuni ya unga, wakalipandisha juu ya meza chini ya hema, wakalijaza silesi hadi katikati na kulifunika kwa leso ili nzi wasijisaidie. Kusema kweli lilifaa. Mtu alipewa chai yake kwenye kikombe cha plastiki, akafunua leso, akaingiza mkono, akatoka na silesi mbili, tatu kama hana haya. Nilisimama pale na kikombe changu nikashindwa kuingiza mkono. Binamu mmoja nyuma yangu akasema, "Nafula, songa bana, ama unangoja upakiwe siagi?" Siku nyingine ningemjibu hadi ajutie kuamka. Siku hiyo nilisonga.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na najua mtu wa umri wangu hana haki ya kuandika kumbukumbu za maisha. Kumbukumbu huandikwa na watu waliostaafu, wenye vitambi na picha za zamani. Mimi sina kitambi. Lakini mwaka ule wa kidato cha pili nilipohamia Kitale nyumbani kwa Senge Roda, dada ya baba, umenikalia shingoni kuliko miaka mingine yote niliyoishi, ambayo si mingi, na kule matangani niliona mambo mawili kwa wakati mmoja: mkate ndani ya lile tangi, na Kukhu, bibi yangu, amekaa peke yake nyuma ya zizi la ng'ombe kwenye kigoda, mgongo kwa watu wote. Kukhu ni mama yake Senge, kwa hiyo alikuwa mama mkwe wa marehemu. Mama mkwe hasogei karibu na mkwe wake hata akiwa ndani ya jeneza; hilo kila mtu alilielewa. Ila alikuwa amekaa mbali kuliko heshima inavyodai. Alikuwa amekaa umbali wa mtu aliyefanya kosa. Na hakulifanya.

Kitale nilipelekwa kwa sababu shule ya bweni huko Bungoma ilikuwa imenichoka. Nilikuwa nimeshika maikrofoni gwarideni na kutangaza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, na kikohozi chake juu, kwamba tunafunga shule mapema. Mabweni mawili yalipanga masanduku. Senge alinipokea mlangoni, na kabla hata sijaweka begi chini akaniambia, "Hapa utasoma shule ya kutwa na utalala kwangu. Ujinga mmoja tu, Nafula, mmoja, unarudi kwenu ukachunge. Hakuna shule nyingine itakuchukua." Nikasema, "Sawa, Senge." Nikauliza kama ng'ombe wa kuchunga wapo tayari ama tutanunua. Akafunga mdomo kwa nguvu ili asicheke. Senge alikuwa na tatizo hilo, kicheko kilikuwa kinamtoka upesi, na mimi nilikuwa mtu wa kutumia matatizo ya watu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule moja kubwa, na ndani ya sebule kulikuwa na bahari. Hakuna aliyeliita tangi. "Zima taa ya bahari." "Nani ameacha alama za vidole kwa bahari?" Anko Barasa alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi sana, akipiga mbizi kwa watu waliokuwa wakiuza samaki wa mapambo ng'ambo, na alipostaafu wenzake walirudi kwao na mabati na sofa, yeye akarudi Kitale na kipande cha bahari. Maji ya chumvi, mchanga, mawe yenye uhai, na matumbawe: moja kama ubongo, moja kama uyoga uliopangwa ghorofa, jingine la vidole vya kijani vilivyopunga siku nzima kama wanafunzi wanaojua jibu. Kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao niliwaita Deputy na Bibi Deputy kwa sababu walikuwa wanatoka kwenye kile kichaka cha vidole kuangalia nani amechelewa. Pembeni mashine ya kutoa povu ilikoroma kama mlevi aliyelala vizuri. Hii yote Kitale, mahali ambapo bahari ya karibu ni ile ya mahindi. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia na watoto wao, wanasimama kimya, kisha mmoja lazima aulize kama wanalika.

Mapema mwaka huo kiharusi kilimpiga Anko upande wote wa kulia, kikachukua na maneno. Senge alihamishia kitanda chake sebuleni, akakiegemeza ukuta unaotazamana na bahari. Kwa hiyo sebule ikawa chumba cha kulala cha mkwe, na Kukhu alipokuja kutoka Bungoma kumsaidia binti yake, aliingilia mlango wa jikoni na jikoni ndiko alikokaa. Alipika, alisonga, alichambua mboga, alizungumza na nyumba nzima kupitia ukuta, na jioni alienda kulala kwa mama mmoja wa kanisa nyumba ya tatu. Bahari alikuwa anaisikia tu. "Mashine yenu leo inakohoa," alikuwa akisema. Miezi yote ile hakuwahi kuiona, kwa sababu ukifungua pazia la sebule kitu cha kwanza ni kitanda, na kwenye kitanda ni mkwe.

Kabla ya kuugua, neno la Anko kwa kila jambo lilikuwa "ngoja kwanza." Mtu akitaka kuongeza jiwe, ngoja kwanza. Ukitaka kubadilisha chaneli, ngoja kwanza. Kiharusi kilimwachia neno hilo moja, lakini kikalihamishia mkononi: alikuwa anafungua kiganja cha kushoto na kukishusha juu ya blanketi mara mbili, taratibu. Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu shuleni kwamba anko wangu anajifunza piano. Walicheka sana. Niliwaigizia hadi mwalimu wa zamu akauliza ni nini kinachekesha, nikamwigizia na yeye.

Chakula chake kilikuwa uji wa wimbi, asubuhi na jioni, na kulikuwa na namna yake. Senge alikaa na bakuli, kijiko hewani, wote wawili wakitazama bahari. Deputy akitoka kichakani na kuja mbele ya kioo, Anko anafungua mdomo. Deputy akirudi ndani, mdomo unafungwa. Mara moja nilisema huyu samaki anastahili mshahara wa nesi. Senge akasema, "Nyamaza usimtishe," na sikujua kama anamsema mume au samaki. Nikikumbuka sasa naona ile ilikuwa ndoa, watu wawili wakila bakuli moja na kutazama upande mmoja, lakini wakati huo niliona tu uji unapoa.

Siku moja, Senge akiwa ameenda kuchukua dawa, niliamua kumchekesha. Nilitwanga omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye kinu hadi wakawa unga, nikapanda kwenye stuli, nikafungua kifuniko na kutangaza kama padri, "Leo tunapokea wageni, wakwe kutoka ziwani." Nikanyunyiza. Deputy akala shemeji zake bila aibu. Na Anko akacheka. Sauti ilitoka kama mlango uliokaa mwaka bila kufunguliwa, nusu ya uso ikapanda juu, machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka tangu augue. Mtu hajui maana ya kuwa mchekeshaji hadi amchekeshe mtu wa namna hiyo. Nikarudia jioni. Nikarudia kesho yake, mara tatu, kila mara na wageni wapya: leo ni wazazi, leo ni wapwa, leo ni mashahidi wa harusi. Wiki nzima nilikuwa namwaga omena, na siku za mwisho Anko alikuwa hacheki tena; alikuwa anapiga piano. Sikuona. Nilikuwa nasubiri makofi.

Maji yalianza kubadilika Jumapili. Kwanza yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele mara ya pili, unaona lakini si vizuri. Jumatatu yakawa kama ya mara ya kwanza. Jumanne asubuhi taa ya bahari ilipowaka tuliona ukungu mweupe tu umejaa kioo hadi kioo, kama mtu amemimina maziwa, na ndani yake kivuli cha ubongo. Senge alisimama na bakuli la uji. Anko alitazama kile kioo cheupe. Deputy hakuonekana, na mdomo haukufunguka. Senge akasema, "Baba, fungua kidogo." Akasema tena. Uji ukashika ngozi juu.

Senge alimtumia ujumbe wa sauti Athumani, mpiga mbizi aliyefanya kazi na Anko, ambaye ndiye alikuwa anatutumia chumvi ya bahari kwa basi kutoka Mombasa. Jibu lilikuja tukiwa jikoni. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hivi kwamba unaweza kukemewa na ukasema asante. "Dada Roda, mgonjwa yu hali gani? Mpe salamu zangu. Sasa nisikilize. Ukungu huo si uchafu, ni vijidudu, na vijidudu hupata nguvu kwa chakula kilichozidi. Hapo kuna mtu kawalisha samaki kupita kiasi. Msiwape kitu siku nne. Mashine ya povu isizimwe hata kidogo. Chumvi naipakia kesho, ikifika mbadilishe maji robo, si zaidi. Na tafadhali dada yangu, msitie kitu humo. Si dawa, si nini. Mkiiacha itatulia yenyewe."

Senge akanigeukia. "Kuna mtu kawalisha. Ni wewe?"

"Mimi? Senge, kwa hii nyumba mimi mwenyewe sijashiba, nitamshibisha nani?"

Kicheko kikamtoka. Hakutaka, lakini kikamtoka. Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa na mimi nikaufunga kwa utani.

Jumatano Anko hakula. Alikubali maji, kijiko kimoja kimoja, akitazama ule weupe. Nilimsikia Senge kwenye simu, amejifungia bafuni na bomba limefunguliwa, lakini bafu letu lilikuwa na mlango wa kuonyesha tu, sauti ilipita yote. "Hospitali wamesema asipokula hadi Ijumaa tumrudishe, watamwekea mpira wa puani," alikuwa anasema. "Hapana. Hapana, dada. Alishawahi kuwekewa, akaung'oa. Walimfunga mkono. Ule mkono mmoja, ndio walifunga." Bomba likaendelea kumwaga maji. Nilienda nikakaa kitandani kwangu na vitabu vya hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kuwa mtu mwingine, yeyote, hata yule monita wetu.

Alhamisi nilitoka shuleni saa tisa. Kukhu alikuwa jikoni anachambua murere, majani yamemjaa mapajani, chungu cha magadi pembeni. Senge alikuwa ameenda hospitali kuuliza mambo ya huo mpira. Kukhu akaniambia nikae, nikakaa, akaniambia uso wangu umekuwa kama wa kuku aliyenyeshewa. Kisha akauliza kuhusu maji. "Roda ananiambia yamechafuka, yamechafuka. Yanafanana na nini?"

"Kama mto Nzoia wakati wa mvua, Kukhu. Lakini nyeupe."

"Hayo tu?" Akacheka. "Sisi tulikunywa Nzoia tangu tuzaliwe. Unafikiri tulikuwa tunameza matope?" Akafungua fundo kwenye ncha ya leso yake, ile nyekundu yenye korosho, akatoa jiwe jeupe, linang'aa kama barafu, kubwa kama yai la bata. Shabu. Kijijini kila mwanamke wa umri wake anatembea nayo. "Unazungusha kwa ndoo mara tatu, halafu unatoa. Unasikia? Unatoa. Matope yanashuka chini, unachota juu."

"Na samaki?"

"Kwani Nzoia haina samaki?" Alisema hivyo mikono ikiendelea na murere. Alikuwa anafikiria ndoo, na kambale. Hangeweza kufikiria kitu kingine, hakuna aliyewahi kumfungulia pazia. "Ningeingia nikuonyeshe, lakini mkwe wangu amelala huko. Ngoja Roda arudi, umuulize kwanza." Akachana kipande cha ile ncha ya leso iliyokuwa imechakaa, akalifunga jiwe humo, akanipa.

Nikasema, "Nitamuuliza." Nilikuwa nimeshasimama.

Sebule ilikuwa kimya, mashine tu ikikoroma. Anko aliniona nikivuta stuli. Aliniona nikipanda. Nilifungua kifuniko, nikaingiza mkono na shabu hadi kiwiko, nikazungusha mara tatu, na hapo hesabu zangu za alama D zikaniambia kwamba mara tatu ni za ndoo moja, na hii bahari ilikuwa ndoo ishirini au zaidi. Nikalivunja lile jiwe kwa ukingo wa mfuniko, nikaliacha ndani. Nilipogeuka, kiganja cha Anko kilikuwa kinashuka juu ya blanketi. Mara mbili. Kikapanda, kikashuka tena. Macho yake yalikuwa yamenikazia namna ambayo sikuwahi kuona, na shingo yote imesimama.

"Anko," nikamwambia, "leo piano baadaye. Mimi niko kazini."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimejaribu kuyakumbuka vingine na yanakataa.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa safi. Nikisema safi sielezi vizuri. Ulikuwa unaona kioo cha nyuma, unaona punje moja moja za mchanga, unaona ukuta. Theluji nyeupe ilikuwa imeshuka chini na kukaa juu ya mawe. Deputy alitoka. Anko alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena Deputy, na Senge alipoinua kijiko akafungua mdomo. Alimaliza bakuli zima. Senge aliimba wimbo wa kanisa akiosha vyombo, na kupitia ukuta Kukhu akaitikia sauti ya pili. Nilikunywa chai na viazi vitamu vinne nikaenda shule natembea kama daktari bingwa. Tulipata siku moja. Mara nyingine najiuliza kama Anko alikula kwa njaa, au alikula kwa sababu alijua hiyo ni mara ya mwisho atamwona Deputy akija mbele ya kioo. Sipendi kujiuliza hivyo wakati wa usiku kwa hiyo najiuliza mchana, darasani.

Jumamosi vidole vya kijani havikufunguka. Jumapili vilikuwa vimefunikwa na ute kama kamasi, na ule ubongo ukaanza kubanduka ngozi, mfupa mweupe ukionekana chini. Bibi Deputy alilala kwenye mchanga. Deputy alipanda juu kabisa, akawa anahema kwenye uso wa maji, mashavu yakienda haraka haraka. Senge alimpigia Athumani, safari hii si ujumbe, simu kabisa, na Athumani akamwambia aelekeze kamera. Kisha akasema, "Kuna kitu kimetiwa humo, dada. Pole sana." Chumvi yake ilifika siku iliyofuata, mfuko mzima, hakukuwa na wa kuwekewa. Na maji yalibaki safi. Sijawahi kuona maji safi kama yale, hakukuwa na kitu cha kuyachafua. Anko hakugeuza uso. Nilitamani ageuze. Aliendelea kuyatazama, asubuhi hadi taa izimwe, na mdomo ukafungwa, na mpira wa puani ukaja.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka shuleni nikasikia sauti ya Senge jikoni, sauti ya chini, ile mbaya. Nikasimama kwenye kikorido na begi mgongoni. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Senge alikuwa anasafisha nyuma ya bahari, akaokota kitambaa chekundu chenye korosho.

"Mama. Hii ni leso yako."

"Naiona."

"Ilikuwa nyuma ya bahari. Ina unga wa shabu." Murere ulikuwa unachemka, nilisikia kifuniko kikigongagonga. "Mama, uliingia kwa Barasa? Mimi nikiwa sipo, ukaingia mahali mkwe wako amelala, hata nguo hajafunikwa vizuri, ukafanya hii kitu?"

Kukhu hakuwa amekaa akimtazama binti yake. Kutoka pale kwenye kigoda alikuwa anaona mwanya wa mlango, na kwenye mwanya alikuwa ananiona mimi, begi, sketi ya shule, mdomo wazi. Alinitazama kwa muda ambao ningeweza kusema maneno mia. Mimi, mtu wa maneno.

"Niliingia," Kukhu akasema.

"Mayi wee. Mama."

"Nimesema niliingia, Roda. Toa hiyo sufulia kwa moto, inamwagika."

Ndugu zake Anko waliposikia hawakupiga kelele, walikuja tu, wazee watatu wenye makoti, wakakaa nje, wakazungumza na Senge kama saa moja. Mbuzi alitolewa kwa ajili ya kusafisha aibu. Kukhu akatumiwa ujumbe asikanyage tena hapo. Yeye alikuwa ameshaondoka siku ileile niliyosimama kwenye mwanya, kabla ya chakula, akaacha murere jikoni. Alipopita kwangu kwenye lango alisimama, akanirekebisha kola ya shati, akasema, "Soma." Basi. Hakusema kitu kingine, wala siku ile wala baadaye, na nilipokuwa nikienda Bungoma likizo alinipa viazi na kuniuliza mambo ya kemia. Miaka miwili Senge alikuwa akimpigia simu sikukuu kwa sikukuu, wanasalimiana, wanauliza mvua, wanakata.

Bahari ilimwagwa uani, sanduku likapelekwa kwao Anko Tongaren, na mahali maji yalipopita nyasi zilikauka. Kitanda cha Anko kiligeuziwa dirisha. Mpira wa puani uliondolewa baada ya muda, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha jioni, nilijipa hiyo kazi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Siku moja nilimwambia, kijiko mkononi, "Anko, ni mimi niliwaua. Unajua ni mimi." Bila shaka alijua, alikuwa ametazama onyesho zima kutoka kiti cha mbele. Kiganja kikashuka juu ya blanketi mara moja, kikakaa hapo. Nilingoja mara ya pili. Haikuja. Hadi leo sijui alichosema.

Sasa, matangani, kabla ya mwili kuteremshwa, mtu wa programu alikuwa ameandika jina langu kati ya watakaozungumza. Senge mwenyewe alinipendekeza. Alikuja pale kwenye meza ya mkate, macho yamevimba, akanishika bega. "Watu wamechoka kulia," akasema. "Useme kitu cha kuchekesha kumhusu. Si wewe ndiye ulimchekesha mara ya mwisho? Barasa alicheka kwa sababu yako, ile mambo ya wakwe wa ziwani. Nilikuwa nimerudi mapema siku moja, niliwasikia nikiwa mlangoni."

Kumbe alijua kuhusu omena. Alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo na akaamua kuliacha kwa sababu ya kile kicheko. Nikaangalia tangi. Silesi zilikuwa zimepungua, kioo kilikuwa na alama za vidole vya watu, na huko nyuma ya zizi ncha ya leso ya Kukhu ilionekana ikipeperuka.

"Senge, Kukhu hakuingia."

"Nini?"

"Kwa Anko. Hakuingia hata siku moja. Alinipa shabu akasema nikuulize kwanza. Sikukuuliza. Ni mimi nilipanda stuli. Yeye aliniona nimesimama mlangoni ndio maana akasema vile."

Nilijiandaa kwa kofi. Nilikuwa hata nimechagua shavu. Lakini mkono wake ulitoka tu begani kwangu, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho hajui uzito wake. "Miaka miwili," akasema. "Mama yangu anakaa nyuma ya ng'ombe, mbele ya watu, na wewe unakula nyumbani kwangu." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Akafunua leso, akaingiza mkono ndani ya bahari ya mume wake, akatoa silesi nne, akazipanga kwenye sahani, akamimina chai yenye maziwa mengi, na akaanza kutembea. Alipita katikati ya viti, akapita mbele ya wale wazee wenye makoti, watu wakimtazama mjane anakwenda wapi wakati wa programu. Alipofika nyuma ya zizi alipiga magoti kwenye samadi, na sahani mkononi.

Kutoka pale sikusikia neno. Niliona mgongo wa Kukhu, umenyooka. Sahani ilikuwa bado iko mikononi mwa Senge, hakuna aliyeipokea.

"Nafula!" mtu wa programu akaita kwenye maikrofoni. "Nafula wetu yuko wapi? Aje atuchekeshe kidogo, bana, anko wake alimpenda sana." Watu wakageuka. Binamu akanisukuma mgongoni. Miguu yangu ilitaka kwenda kwenye zizi, nijieleze, nilie, nifanye kitu chochote haya yaishe hivi sasa. Nikafungua kiganja juu ya meza, karibu na kile kioo, nikakishusha mara mbili, ngoja kwanza. Wakaita tena jina langu. Sikwenda huku wala kule. Nilisimama nikatazama ile sahani.